Nirushie hiyo video: maswali mnayouliza sana kuhusu kurushiana mafaili simu kwa simu

Nyimbo, muvi, notsi za chuo, picha za harusi, mpaka programu zenyewe, tunarushiana tu maana bando ni hela na simu ya mwenzako iko hapo pembeni. Mimi naipenda sana hii njia na sitaki mtu aiache. Kinachonisumbua ni hii imani kwamba kwa vile faili halijapita intaneti basi hakuna anayeona kitu. Faili kweli halijapita huko, lakini simu yako ili ipatikane inabidi ijitangaze, na ikijitangaza inasikika na kila aliye karibu, sio yule unayemrushia peke yake. Maswali mengi hapa chini yanarudi hapo hapo.

Inakuwaje faili linafika bila bando?

Kwa redio, zile zile zilizomo ndani ya simu yako. Bluetooth inatumika kutafutana, yaani simu mbili zinaitana "nipo hapa, na wewe nani?", halafu zikishapatana zinahamia kwenye WiFi kubeba mzigo wenyewe. WiFi hiyo haina haja ya ruta wala intaneti, simu moja inajigeuza kama hotispoti kwa muda na nyingine inaingia. Kuna utaratibu unaoitwa WiFi Direct ulioanza kutoka 2010, na Apple wana wa kwao ndani ya AirDrop, njia ya kurushiana iliyomo kwenye vifaa vyao, ambayo ilianza kwenye kompyuta za Mac 2011 ikaja kwenye iPhone 2013.

Waliokuwa na simu zamani wanakumbuka kurusha kwa Bluetooth peke yake, muvi ya MB 700 unaweza ukasubiri karibu saa zima na mkisogea imekatika. Kwa WiFi muvi hiyo hiyo inaisha ndani ya dakika moja au mbili. Ndio maana programu za kupakua kama Xender na SHAREit ziliteka watu, na ndio maana Google wakaja na Nearby Share ya Android 2020 ambayo Januari 2024 iliunganishwa na ile ya Samsung, sasa zote ni Quick Share.

Kwa hiyo kampuni ya simu haioni ninachorusha?

Faili lenyewe hawalioni, halijapita kwenye mnara wao. Lakini angalia programu unayotumia. AirDrop na Quick Share zimo ndani ya simu, zile za kupakua nyingi zina matangazo, na ukiwasha data programu ya matangazo inaongea na seva zake kuhusu simu yako hata kama muvi imepita pembeni. Watu wanachanganya hivi vitu viwili.

Mtu aliyekaa karibu nami anaona nini hasa?

Cha kwanza anaona jina la simu yako. Hili dogo sana na watu hawalifikirii kabisa, iPhone ukiiwasha inajiita kwa jina lako la kwanza, na Android wengi wanaandika wenyewe jina lote mpaka la ukoo. Sasa dada amekaa kwenye daladala Mbagala hiyo, mtu wa siti ya nyuma anafungua orodha ya kurushia anaona jina lake, akishuka anamuita kwa jina. Hajadukuliwa, simu imemtaja. Nenda kwenye setingi badilisha jina, weka chochote, mimi yangu inaitwa Kikombe.

Cha pili, simu inatoa mlio mdogo wa redio muda wote Bluetooth ikiwa wazi. Zamani mlio huo ulikuwa na namba moja isiyobadilika, kwa hiyo mwenye duka kubwa akiweka kifaa mlangoni alijua simu hii ndiyo iliyokuja juzi. Siku hizi simu zinabadilisha hizo namba, kwa upande wa WiFi Android walianza kufanya hivyo bila kuulizwa kuanzia toleo la 10 la 2019 na iPhone kwenye iOS 14 ya 2020. Simu ya zamani haina huo ulinzi au inao nusu nusu.

Nilimrushia mtu mwingine kwa bahati mbaya, naweza kulifuta kwake?

Hapana, na hapa naongea kwa uchungu maana limenikuta. Nilikuwa sehemu ya kutolea kopi, kuna foleni, nikataka kurusha kitambulisho changu cha NIDA kwenye simu ya kijana wa pale, orodha ikaleta simu mbili zenye jina moja maana wote walikuwa na simu ya aina moja na hakuna aliyebadilisha jina. Nikagusa ya juu. Ikaenda, ikapokelewa, na kijana ananiambia "mbona haijafika?". Nikageuka nikaona watu sita wameshika simu na sijui ni nani kati yao. Kitambulisho changu kipo kwenye simu ya mtu mpaka leo.

Hakuna "futa kwa wote" kama WhatsApp. Faili likishafika ni lake, na kwenye Android linakaa kwenye folda ya vilivyopakuliwa ambako mwenye simu mwenyewe anaweza asijue lipo mwaka mzima. Kwa hiyo jambo la kufanya ni kabla: soma jina kwa sauti, muulize "simu yako inaitwaje?", na kama programu inatoa QR ya kuskani basi skani QR badala ya kuchagua kwenye orodha. QR huwezi kuikosea, iko kwenye kioo cha mtu unayemwona.

Nimeweka AirDrop ipokee kontakti tu, si niko salama?

Uko salama zaidi, ndio, na ndivyo inavyotakiwa kuwekwa. Lakini kuna tundu ambalo watafiti wa chuo kikuu cha TU Darmstadt, Ujerumani, walilieleza na nataka ulielewe maana linaonyesha vizuri tatizo la hii teknolojia nzima.

Ili simu yako ijue kama huyu jirani yumo kwenye kontakti, simu mbili zinabidi zilinganishe namba na imeili. AirDrop haitumi namba wazi wazi, inaisaga kwanza iwe mfuatano wa herufi usiosomeka, inaitwa heshi. Wazo ni kwamba unga huwezi kuurudisha mahindi. Sawa, lakini namba za simu ni chache! Chukua Tanzania, baada ya 255 zinabaki tarakimu 9 na kwa simu za mkononi ya kwanza ni 6 au 7, kwa hiyo jumla haivuki milioni 200. Laptopu ya kawaida inazisaga zote hizo ndani ya muda mfupi, halafu mtu analinganisha tu unga na unga, anapata namba yako. Anachohitaji ni kifaa chenye WiFi na kuwa karibu nawe ukifungua dirisha la kushea, huhitaji hata kurusha kitu.

Watafiti hao waliwaambia Apple Mei 2019. Wakatengeneza na njia mbadala, PrivateDrop, inayolinganisha kontakti bila kubadilishana heshi zinazovunjika, wakaichapisha 2021.

Kuna mtu alishawahi kutafutwa kwa njia hiyo kweli au ni nadharia tu?

Sio nadharia. Januari 2024 idara ya sheria ya jiji la Beijing ilitangaza kwamba wataalamu wao waliichambua iPhone ya mtu aliyepokea ujumbe kwa AirDrop kwenye treni ya chini ya ardhi, wakakuta kwenye logi, yaani kumbukumbu za ndani ya simu, jina la kifaa kilichotuma, imeili na namba vikiwa kwenye heshi, wakaandaa jedwali kubwa la heshi zilizokokotolewa tayari na wakapata majina ya waliotuma. Kwa hiyo yule aliyedhani anarusha bila kujulikana alikuwa ameacha namba yake kwenye simu ya kila aliyempokelea.

Kumbuka AirDrop ilikuwa silaha ya waandamanaji. Hong Kong 2019 walikuwa wanawarushia wageni kutoka China bara matangazo yao, na Oktoba 2022 baada ya mtu mmoja kutundika mabango ya kupinga serikali kwenye daraja la Sitong Beijing, picha za mabango hayo zilizunguka kwenye treni kwa njia hiyo hiyo.

Mbona siku hizi "kila mtu" inajizima yenyewe baada ya dakika 10?

Apple waliianza China pekee Novemba 2022, mwezi mmoja tu baada ya hilo la daraja, halafu Desemba wakaiweka dunia nzima kwenye iOS 16.2 wakisema ni kupunguza watu kurushiwa vitu wasivyotaka. Watu wengi walikasirika kwa jinsi ilivyokuja wakati ule ule wa maandamano, na nawaelewa kabisa. Ila kwa mtumiaji wa kawaida wa Kariakoo au Eastleigh ni kitu kizuri, maana hakuna mtu anayekumbuka kwenda kuzima. Quick Share nayo ina chaguo la dakika 10, litumie.

Nilikuwa kwenye kivuko, ghafla simu ikaniletea picha ya uchi, huyu mtu ameingiaje?

Hajaingia, pole sana. Simu yako ilikuwa imewekwa kupokea kutoka kwa kila mtu, na kwenye iPhone kabla hujakubali inakuonyesha picha ndogo ya kile kinacholetwa, ndicho anachotaka yeye, ukishaona tu kazi yake imekwisha hata ukikataa. Polisi wa reli wa Uingereza walichunguza kesi ya hivi tangu 2015, mwanamke alirushiwa kwenye treni kusini mwa London. Kuanzia tarehe 31 Januari 2024 England na Wales wamelifanya kosa la jinai linalojitegemea, kifungo mpaka miaka 2.

Kataa, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la kifaa kama umewahi, weka kontakti tu, na ukiweza sogea sehemu nyingine maana huyo mtu yuko ndani ya mita chache. Ukihisi hatari mwambie mfanyakazi wa chombo au kondakta. Kwenye iPhone kuanzia iOS 17 kuna setingi ya kufunika picha za uchi mpaka uamue mwenyewe, iwashe, hasa kwenye simu ya binti.

Na sio picha za uchi tu. Mei 2022 kwenye uwanja wa Ben Gurion, Israel, ndege ya kwenda Istanbul iliyokuwa inajiandaa kuruka ilirudishwa baada ya abiria kurushiwa picha za ajali za ndege. Vijana waliona ni utani. Abiria walipata hofu kubwa.

Kwa nini Xender inataka lokesheni? Kurusha nyimbo na mahali nilipo vinahusiana nini?

Swali zuri na jibu lake sio lile mnalodhani. Ili simu itafute WiFi na Bluetooth zilizo karibu, Android kuanzia toleo la 6 iliidai ruhusa ya lokesheni, kwa sababu ukijua WiFi zilizomzunguka mtu umeshajua yuko wapi hata bila GPS. Kwa hiyo ombi lilikuwa la ukweli. Tatizo ni kwamba ukishatoa ruhusa, programu inaweza kuitumia kwa mengine pia. Kuanzia Android 12 ya 2021 kuna ruhusa ya peke yake ya "vifaa vilivyo karibu" kwa Bluetooth, na Android 13 ikaongeza WiFi. Kama simu yako ni 13 kwenda juu na programu bado inang'ang'ania lokesheni, kontakti na SMS, toa hiyo programu. Programu ya kurusha nyimbo haina kazi na SMS zako.

Nilisikia SHAREit ilifungiwa India, ina virusi?

India ilifungia programu 59 zenye asili ya China Juni 2020, SHAREit na Xender zote zilikuwemo pamoja na TikTok, na sababu waliyotoa ilikuwa usalama wa nchi katikati ya ugomvi wa mpaka. Hilo peke yake halithibitishi virusi.

Cha kuangalia ni haya. Januari 2016 ilifichuliwa kwamba SHAREit ya Windows ilikuwa inafungua hotispoti yenye nywila 12345678, hiyo hiyo kwa kila mtu, na ile ya Android hotispoti yake haikuwa na nywila kabisa, yaani mtu wa tatu aliye karibu angeweza kuingia katikati na kuchukua mnachorushiana. Halafu Februari 2021 Trend Micro, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza mapungufu kwenye ile ya Android, programu iliyopakuliwa zaidi ya mara bilioni moja, yaliyoweza kumruhusu mtu kuvujisha data na hata kuendesha programu yake kwenye simu yako. Yalikuja kurekebishwa. Somo langu hapo ni rahisi: kama bado unatumia toleo ulilorushiwa na rafiki kabla ya 2021, haujawahi kupata hayo marekebisho.

Na sio wao tu. Agosti 2024 watafiti wa SafeBreach, kampuni nyingine ya usalama, walionyesha mapungufu 10 kwenye Quick Share ya Google wenyewe, karibu yote kwenye ile ya Windows. Apdeti.

Rafiki akinirushia programu, si ni sawa na ya Play Store?

Hapana jamani, na kwangu hili ndilo hatari kuliko yote kwenye ukurasa huu. Picha ikija vibaya utaifuta. Programu ikija vibaya inakaa, inaomba kusoma SMS, na SMS ndiko kunakokuja namba za siri za benki na ujumbe wa M-Pesa. WhatsApp za rangi rangi zisizo rasmi, programu za mikopo, muvi "bila malipo", zinazunguka mkononi kwa mkono na hakuna anayejua ya kwanza ilitoka wapi. Rafiki yako hana nia mbaya, naye alirushiwa. Nakubali bando la kupakua linauma, basi pakua ndogo tu, ila ya hela na ya mawasiliano itoe Play Store yenyewe.

Picha nikirusha inabeba na sehemu niliyopigia?

Kama kamera ilikuwa na lokesheni, ndio, AirDrop na Xender zinapeleka faili kama lilivyo na ndani yake kuna tarehe, aina ya simu na mahali penyewe kwenye ramani. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inazifuta, ukituma kama dokumenti hazifutwi. Kwenye iPhone, kabla ya kurusha gusa sehemu ya chaguo hapo juu uondoe lokesheni. Anayeuza kiti chake cha nyumbani kwa mtu asiyemjua afikirie hili.

Niliyemrushia anaweza kuingia kwenye galari yangu?

Hapana, anapata ulichochagua tu. Isipokuwa mmetumia kile kipengele cha kuhamisha simu nzima, kile kinabeba kontakti, SMS, picha, vyote. Fundi akikwambia akuhamishie, kaa hapo hapo na uangalie simu inayopokea ni ipi.

Steshenari wananiambia nirushe cheti, nifanyeje?

Kama unaweza, rusha, akiprinti simama pale mpaka afute mbele yako, pamoja na kapu la taka la kompyuta. Usione aibu kudai. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 na Kenya ina ya kwao ya 2019, na mtu anayeshika vyeti vya watu kibiashara hayuko nje ya hizo sheria kwa sababu tu duka lake ni dogo.

Nikiacha Bluetooth wazi muda wote virusi vinaingia vyenyewe?

Ilishatokea. 2004 kulikuwa na kirusi cha Cabir kwenye zile Nokia za Symbian, kikaenea kwa Bluetooth mpaka mashindano ya dunia ya riadha Helsinki 2005 kikaonekana kinaruka simu hadi simu uwanjani, lakini kile kilihitaji ukubali. Septemba 2017 yakatangazwa mapungufu ya Bluetooth yaliyoitwa BlueBorne, ambayo hayakuhitaji ukubali chochote, Bluetooth ikiwa wazi inatosha. Simu zenye apdeti za baada ya hapo zilizibwa. Simu ya mtumba isiyopata apdeti, izime Bluetooth ukiwa huitumii.

iPhone na Android zinarushiana sasa?

Zimeanza. Novemba 2025 Google walitangaza Quick Share kwenye simu yao ya Pixel 10 inaongea na AirDrop, ila iPhone inabidi uifungulie kila mtu kwa zile dakika 10, kwa kontakti tu bado haikubali. Kwa hiyo fungua mkiwa mmekaa wawili, sio katikati ya stendi.

Intaneti ikizimwa hii inaendelea kufanya kazi?

Ndio. Uganda Januari 2021, Tanzania Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa redio za ndani ya simu hazikuguswa maana hakuna swichi yake popote. Kuna na programu za kuchati simu kwa simu kwa Bluetooth. Nakuomba uchague kwa makini hapa kuliko sehemu nyingine yoyote. Bridgefy iliyosifiwa sana Hong Kong, watafiti wa chuo cha Royal Holloway, Uingereza, Agosti 2020 walionyesha ujumbe wake unaweza kusomwa na watumiaji kufuatiliwa. Bitchat ya Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, ilitoka Julai 2025 ikiwa na onyo lake mwenyewe kwamba usalama wake haujakaguliwa na watu wa nje. Briar ndiyo mimi ningeanza nayo, ipo Android, na iweke kabla ya siku yenyewe maana siku yenyewe hutaipata.

Mama yangu ana simu mpya, nimuwekee nini?

Mbadilishie jina la simu lisimtaje. Kupokea weka kontakti tu, au funga kabisa na umfundishe kufungua akitaka picha za wajukuu. Zima lokesheni ya kamera. Ondoa zile programu mbili tatu za kurushia alizowekewa dukani, abaki na Quick Share iliyomo. Halafu kaa naye mrushiane picha mara tano sita, yeye akurushie na wewe umrushie, mpaka awe anasoma jina kabla hajagusa.